Dakika 12 za Ndabibi

Faili yenyewe inaitwa MVI_0417. Ina karibu gigabaiti nne na urefu wa dakika 12 na sekunde chache. Ndani yake yumo shosho yangu, ameketi kwenye kigoda nje ya jikoni lake kule Ndabibi, kitambaa cha buluu kichwani, na upepo unapiga maiki ya kamera mpaka unadhani kuna mtu anararua magunia pembeni. Anasimulia jinsi alivyopata shamba. Sekunde ya mwisho ameinua mkono wa kulia, kidole kimeelekea shamba la chini penye mgunga, mdomo uko wazi. Halafu basi.

Yeye hakunyamaza. Kamera ndiyo iliyonyamaza. Shosho aliendelea kuongea karibu dakika 40 nyingine, na mimi nilikaa mbele yake nikitingisha kichwa, nikijua kila neno linaingia kwenye memori kadi. Nilikuwa nimemwangalia yeye, sikuangalia kile kitone chekundu kwenye skrini. Nilipogundua, alikuwa ameshaingia ndani kupakua githeri, na nilipomwomba arudie alinijibu, "Kwani hukuwa unasikia?"

Nilikuwa nasikia. Lakini miaka michache baadaye, kwenye kikao cha familia, hakuna mtu aliyetaka kujua kama nilisikia. Waliuliza video iko wapi.

Nimekaa na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyokaa chuo. Nilipoanza kutafuta kwa nini kamera yangu ilikata pale ilipokata, nilijikuta nasoma historia ambayo sikuitarajia: ya maziwa na mchwa, ya mikanda ya harusi, ya mwaka 2008, na ya namba moja ya kompyuta ambayo hakuna aliyeitunga akimfikiria mwanamke wa Ndabibi.

*

Kama hujawahi kufika, panda matatu Naivasha mjini na ufuate barabara ya Moi South Lake. Utapita mashamba ya maua, ufike njia ya kuingia Hell's Gate, upite Elsamere alikoishi Joy Adamson, yule wa simba Elsa. Ukifika Kongoni, endelea kuelekea magharibi, ziwa likibaki mgongoni na milima ya Eburru ikikaa kulia. Huko kwenye vumbi, mahindi, viazi na upepo ndiko kwetu.

Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wamaasai kabla ya mkataba wa 1904 uliowaondoa Bonde la Ufa kupisha masetla. Ikaja kuwa ranchi ya mzungu aitwaye Gilbert Colvile, mfugaji aliyejulikana kwa kuongea Kimaasai na kukaa peke yake na ng'ombe wake wakati wazungu wenzake wa Naivasha wakila raha kando ya ziwa. Baada ya uhuru likawa shamba la serikali, na baadaye likakatwa vipande na watu kama shosho wakaingia. Hapo ndipo hadithi yake inapoanzia, lakini tutarudi.

Kitu kinachonishangaza ni kwamba ukanda huu wetu umepigwa filamu sana. Mwaka 2003 Angelina Jolie alionekana kwenye *Tomb Raider* ya pili, na sehemu yake ilipigwa pale Hell's Gate. Lakini mafundi wakubwa walikuwa wakazi. Alan na Joan Root, mume na mke, waliishi kwenye shamba kando ya Ziwa Naivasha na kutoka hapo wakatengeneza filamu za wanyama zilizobadilisha kazi hiyo duniani kote. Filamu yao ya 1978 kuhusu kichuguu cha mchwa, *Mysterious Castles of Clay*, ilisimuliwa na Orson Welles na ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mchwa wa Kenya walifika Hollywood kabla ya wengi wetu kufika Nairobi.

Walitumia filamu ya milimita 16, kwa hiyo hebu tuipige hesabu. Roli ya futi 400, kwa kasi ya picha 24 kila sekunde, inakimbia kwa dakika 11 na sekunde chache. Ikiisha, unafungua kamera gizani au ndani ya mfuko mweusi, unaweka nyingine. Kila futi ni pesa. Na hujui umepata nini mpaka roli irudi kutoka maabara. Kwa hiyo walijifunza kungoja. Walikaa na mnyama mmoja miezi, hata zaidi ya mwaka, na wakabonyeza pale tu jambo lilipokaribia kutokea. Ile dakika 11 iliwafundisha nidhamu.

Joan alibaki kando ya ziwa baada ya ndoa yao kuvunjika, akapigana na uvuvi haramu, na tarehe 13 Januari 2006 akapigwa risasi nyumbani kwake. Watu wanne walishtakiwa, wakaachiliwa.

Filamu zao zilikuwa za viboko, nyumbu na mchwa, na wala silaumu. Haikuwa kazi yao kumtafuta shosho wa mtu. Lakini ukijiuliza katika miaka hiyo yote nani alikuwa anapiga picha za watu waliokuwa wakichuma, wakilima na kuhamishwa huku na huku kuzunguka ziwa lile lile, jibu ni fupi sana.

*

Si kwamba Waafrika Mashariki hawakushika kamera. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962 na ikahitaji wapigapicha. Mohamed Amin, mtoto wa Nairobi, alianzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963 akiwa kijana wa miaka 20 hivi. Picha zake za njaa ya Ethiopia zilizoonyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984 ndizo zilizoiamsha dunia. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono mmoja, akajifunza kupiga picha kwa mkono wa bandia, mpaka alipokufa 1996 kwenye ndege iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro.

Lakini Mo Amin alikuwa mtu wa habari. Ili kamera yake ifike kijijini kwenu, ilibidi kuwe na njaa, vita au rais. Siku ya kawaida haikuwa na mpigapicha.

Siku ya kawaida ilipata wa kwake miaka ya 90, na alikuja na kanda ya VHS. Wewe uliyezaliwa juzi huenda hukuwahi kumwona huyu mtu. Alikuwa anabeba Panasonic kubwa begani kama mtu anayebeba ndizi, na nyuma yake kijana ameshika taa na waya mrefu kuelekea jenereta. Kwenye harusi ya anti yangu alitoka Naivasha mjini na alilipwa zaidi ya mpishi. Tulitazama kanda ile mpaka ikaanza kuwa na mistari: mioyo inaruka kwenye skrini, jina la bwana harusi limekosewa, halafu saa tatu za watu wakila. Shosho anaonekana mara moja tu, amebeba sufuria, anapita mbele ya lenzi na kuomba msamaha kwa mkono.

Miaka hiyo hiyo, pale River Road Nairobi, watu waligundua kwamba kanda ni biashara. Wachekeshaji wa Kikuyu kama Machang'i na Kihenjo waliuza vichekesho kwenye kanda, kisha VCD, kisha DVD, na zikafika mpaka kwenye vibanda vya Maiella na Ndabibi, zikaonyeshwa kwa shilingi chache. Tukaita Riverwood. Ubora wa picha ulikuwa kama umepakwa uji, lakini hakuna aliyelalamika, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu kwenye skrini walikuwa wanaongea kama sisi na wanadaiwa pesa kama sisi.

Tatizo la kamera zile halikuwa hadithi, lilikuwa jicho. Kipande kinachopokea mwanga ndani yake, kile mafundi wanachokiita sensa (si ile ya kuhesabu watu), kilikuwa kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Jicho dogo linaona kila kitu sawa: uso wa bibi harusi na kreti za soda nyuma yake zote ziko wazi. Na jioni ikiingia, picha inajaa chembechembe. Wenye jicho kubwa walikuwa watu wa sinema, na kamera ya sinema ilikuwa bei ya matatu mpya.

*

Tarehe 27 Januari 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, Naivasha iliwaka. Mtaani Kabati watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja. Nilikuwa darasa la tatu. Nakumbuka moshi, nakumbuka wazazi wakiongea kwa sauti ya chini, na nakumbuka kwamba mambo niliyoyaona kwenye runinga yalikuwa kilomita chache kutoka kwetu lakini yalionekana kama nchi nyingine. Mwaka uliofuata, mpigapicha Boniface Mwangi alizianika picha za miezi ile barabarani kwenye maonyesho ya Picha Mtaani, watu wajitazame. Zilikuwa picha za mnato. Hazikusogea wala hazikuongea.

Miezi saba kamili baada ya siku ile ya Naivasha, tarehe 27 Agosti 2008, Nikon walitangaza kamera iitwayo D90. Ilikuwa kamera ya kawaida ya picha za mnato, aina ya DSLR, lakini ya kwanza ya aina hiyo yenye kurekodi video. Tarehe 17 Septemba, Canon wakajibu na EOS 5D Mark II, yenye video kali zaidi. Matukio haya hayana uhusiano wowote, najua. Ila katika kichwa changu mwaka 2008 umekaa hivyo: mwezi wa kwanza mji wetu unaungua na watu wa kawaida hawana la kushuhudia nalo ila simu za picha mbovu, mwezi wa nane na wa tisa chombo kinazaliwa.

Hata wenyewe Canon hawakujua wamezaa nini. Video iliwekwa kwenye 5D Mark II kwa sababu mashirika ya habari kama Reuters na AP yalitaka wapigapicha wao wa mnato waweze pia kurekodi kitu kidogo cha tovuti. Basi. Lakini ile kamera ilikuwa na sensa ya milimita 36 kwa 24, eneo kubwa mara 50 hivi kuliko la kamera nyingi za video za wakati huo. Jicho likawa kubwa ghafla. Mpigapicha Vincent Laforet alipewa moja kabla haijatoka, kwa saa 72 tu, akapiga filamu fupi ya usiku New York iitwayo *Reverie*. Watu walipoiona wakajiuliza hiyo kamera ya sinema imetoka wapi. Mei 2010 kipindi cha *House*, mojawapo ya vipindi vilivyotazamwa sana Marekani, kilifunga msimu wake wa sita kwa sehemu iliyopigwa yote kwa kamera hiyo ya picha za pasipoti.

Nikueleze kinachotokea ndani. Kamera ya DSLR ina kioo kinachorusha picha kwenye tundu unalochungulia. Ukiwasha video, kioo kinanyanyuka na kubaki juu, tundu linakuwa giza, na mwanga unapita moja kwa moja mpaka kwenye sensa. Unaangalia skrini ya nyuma. Kwa maneno mengine, kifaa kinafanya kazi kikiwa kimekunjwa vibaya, kama mtu anayelala kwenye kiti cha basi. Hakikuundwa kwa ajili hiyo. Ndiyo maana kina makosa mengi, na ndiyo maana kilikuwa bei ambayo mtoto wa mkulima angeweza kuiota bila kuchekwa.

*

Kenya kilikuta mambo mawili tayari. Kwanza, mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na intaneti ikaacha kutambaa. Pili, kulikuwa na kizazi chenye njaa ya kujiona. Machi 2010 kundi la Just a Band lilitoa video ya wimbo wao *Ha-He*, na Makmende akawa gumzo la nchi nzima kwa wiki kadhaa bila kituo chochote cha runinga kuomba ruhusa ya mtu.

Mmoja wa kundi lile, Jim Chuchu, ndiye aliyeongoza *Stories of Our Lives* mwaka 2014, filamu iliyotokana na simulizi halisi za Wakenya wanaopenda watu wa jinsia yao. Ilipigwa kwa kamera moja ya DSLR, taa mbili za LED, maiki ya mezani na kompyuta ya kawaida. Ikafika tamasha la Toronto Septemba mwaka huo, na baadaye ikapata tuzo Berlin. Hapa nyumbani Bodi ya Uainishaji wa Filamu iliipiga marufuku, na Oktoba mtayarishaji wake, George Gachara, akakamatwa kwa kosa la kupiga filamu bila leseni, chini ya sheria ya tangu miaka ya mwanzo ya 60. Kesi ilikuja kuondolewa. Fikiria filamu unavyotaka, lakini angalia sheria ile inavyoiona dunia: inadhani kupiga filamu ni lori, kreni na watu 100, kitu ambacho serikali inaweza kukiona kikija. Haikuwahi kuwaza kamera inayoingia kwenye begi la shule.

Huku chini, mageuzi yaliingia kupitia harusi na ruracio. Yule mzee wa Panasonic alipotea karibu ghafla. Badala yake wakaja vijana wawili na Canon 550D, 600D au 60D, wanalala chini kwenye nyasi kupiga viatu vya bibi harusi, mandharinyuma yote yameyeyuka kama siagi. Luthuli na Kimathi Street kukajaa kamera za mkono wa pili. Kila mtaa ukapata "dairekta" wake. Tulicheka, lakini wengi wao walilipa kodi na karo za wadogo zao kwa hicho kioo kilichonyanyuka.

Mimi nilitumia karo yangu mwenyewe. Nisizunguke. Januari 2018 mamangu alinitumia ada ya muhula, pesa za viazi za msimu mzima, nami nikaenda mjini nikanunua 600D ya mkono wa pili na lenzi yake ya 18-55 kwa shilingi 32,000. Nilijiambia nitairudisha kabla ya mtihani kwa kazi mbili tatu za harusi. Sikuirudisha, na mtihani sikuufanya. Watu wakiniuliza kwa nini niliacha chuo huwa nawapa jibu refu lenye mgomo na mfumo. Jibu fupi ni hilo hapo juu.

*

Aprili ile nilienda Ndabibi na kamera, kidogo kwa upendo na kidogo kwa aibu, nikitaka kumwonyesha mamangu kwamba nilichonunua kina maana. Shosho akakubali kuhojiwa kwa sharti moja: niketi nile kwanza.

Kamera ilinifundisha tabia zake zote siku mbili zile. Njiani nilijaribu kupiga kutoka dirisha la matatu na nguzo zote za stima zikalala upande mmoja kama zimelewa, kwa sababu sensa haisomi picha nzima kwa mpigo, inasoma mstari kwa mstari kutoka juu, na kabla haijafika chini gari limeshasogea. Paa la mabati la shosho lilimetameta rangi za upinde wa mvua ambazo hazipo, kwa kuwa kamera huruka mistari kupunguza kazi na mikunjo ya mabati inagongana na mistari iliyobaki. Fokasi haikumfuata akisogea. Unazungusha lenzi kwa mkono na kuomba Mungu. Na hapakuwa na tundu la spika za masikioni, kwa hiyo sikujua upepo unafanya nini mpaka nilipofika nyumbani.

Halafu dakika 12.

Kadi ya kamera ilipangwa kwa mfumo uitwao FAT32, wa Microsoft, uliotoka 1996. Mfumo huo huandika ukubwa wa kila faili kwa namba ya biti 32, na namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa hivyo ni 4,294,967,295. Hizo ni baiti, yaani gigabaiti nne kasoro moja. Faili haiwezi kuzidi hapo. Video ya 600D inakula karibu megabaiti 330 kila dakika. Gawa. Kamera mpya kidogo zilianza kufungua faili nyingine zenyewe zikifika ukingoni. Yangu ilisimama tu. Na hata hizo mpya ziligota kwenye dakika 29 na sekunde 59, si kwa sababu ya fundi bali ya forodha: Umoja wa Ulaya ulikihesabu kifaa kinachorekodi nusu saa au zaidi kuwa kamera ya video, na kamera za video zilitozwa ushuru wa juu. Kwa hiyo viwanda vya Japani vikapunguza sekunde moja kwa ajili ya bandari za Ulaya, na mzee wa Turkana au Tanga anayehojiwa na mjukuu wake akakatwa katikati ya sentensi.

Kulikuwa na dawa. Wadukuzi wema walitengeneza programu ya bure, Magic Lantern, ambayo iliweza kuifanya Canon ianze kurekodi upya yenyewe ikikata. Niliiweka Juni. Shosho nilimhoji Aprili.

Ninachokumbuka ambacho hakimo kwenye MVI_0417 ni hiki. Siku ya kupiga kura za mashamba, wanaume walisimama mstari mmoja na wanawake wasio na waume wakaambiwa wangoje. Yeye, mjane wa miaka mitatu, aliingia mstari wa wanaume akiwa na koti la marehemu guka na kitambulisho chake. Alichota karatasi kwa mkono wake. Lakini jina lililoandikwa kwenye daftari lilikuwa la kitambulisho. Kisha akanyoosha kidole na kusema, ile ya chini penye mgunga ni ya mama yako, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mgongoni siku hiyo. Mkono ulioinuka kwenye sekunde ya mwisho ni mkono unaoelekea kusema hivyo. Tunao mkono. Maneno yako hewani.

*

Shosho alifariki mwishoni mwa 2019. Baada ya matanga familia iliketi. Wajomba zangu watatu waligawana shamba, la chini penye mgunga likienda kwa mkubwa wao. Nilisema nilichosikia. Mjomba mkubwa hakunitukana, hata alikuwa mpole. Aliniuliza, "Si ulikuwa na kamera, mama? Tuonyeshe." Niliwaonyesha kwenye laptopu. Wote walilia walipomwona. Video ilipokatika akasema, "Basi, hapo hajasema." Na kweli, hapo hajasema.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba dakika ya 13 ingetuokoa. Mwaka jana nilikaa chini nikasoma Sheria ya Urithi, nikakuta nimejidanganya pande mbili. Wosia wa mdomo unakubalika tu ukitolewa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji afe ndani ya miezi mitatu. Shosho alinisimulia mimi peke yangu, na aliishi mwaka mmoja na nusu zaidi. Video kamili ingewaliza watu zaidi, isingekuwa wosia. Upande wa pili ndio ulionikasirisha: pasipo wosia, sheria hiyo hiyo haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike. Mamangu alikuwa na haki ya fungu sawa tangu mwanzo, kamera au bila kamera. Sisi sote tuliketi pale tukibishana kuhusu faili, na hakuna aliyejua.

Sasa najiuliza kama hilo si kosa la kizazi chetu kizima. Tulipewa jicho kubwa kwa bei ya chini, tukadhani kuonekana ni sawa na kusikilizwa. Tulirekodi Nairobi ikiandamana Juni 2024 kwa simu zinazopita 600D kwa kila kitu, na bado waliofiwa wanazunguka na hizo video kwenye korido za ofisi. Wale Root walijua roli itaisha, kwa hiyo waliamua mapema wanangoja nini. Mimi niliwasha kamera nikidhani itaamua kwa niaba yangu.

DSLR zenyewe zinazeeka. Mwishoni mwa 2021 Canon walisema EOS-1D X Mark III ndiyo ya mwisho ya daraja lake la juu, na mpya sasa hazina kioo cha kunyanyuka. Yangu iko kabatini, betri imevimba. Siuzi.

Mamangu amekubali twende kortini Naivasha. Hajakubali kwa furaha, mkubwa ni kaka yake na wanakutana kanisani. Wiki iliyopita nilimketisha mahali pale pale, nje ya jikoni lile lile, nikamrekodi kwa simu ambayo inaweza kukaa saa nzima bila kukata. Kila dakika kumi nilisimamisha. Nilimsomea aliyosema, nikayaandika kwa kalamu kwenye daftari la kurasa 96, na jirani wawili waliokuja kushuhudia wakaweka sahihi chini ya kila ukurasa. Ilichukua mchana mzima. Mara ya tatu nilipobonyeza kusimamisha, mamangu aliniangalia na kuuliza kama simu imejaa.

Nikamwambia hapana, mama. Endelea ukiwa tayari.